OpenWrt kwenye ruta ya mtumba na UPS ndogo: tathmini kwa wachezaji wa gemu za mtandaoni Uganda

Tathmini hii inahusu vitu viwili nilivyovinunua kwa lengo moja, yaani kuzifanya gemu za mtandaoni zichezeke vizuri nyumbani kwetu Kibuli. Cha kwanza ni ruta ya mtumba aina ya TP-Link Archer C7, toleo la 5, ambayo niliiondolea programu endeshi iliyokuja nayo na kuiwekea OpenWrt. Cha pili ni UPS ndogo inayoiwezesha ruta hiyo kuendelea kufanya kazi umeme unapokatika. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaocheza EA Sports FC, Fortnite, Counter-Strike 2 au Dota 2 wakiwa Kampala, Entebbe, Jinja au Mbarara, ambao tayari wana intaneti ya faiba au wanakaribia kuunganishiwa, na ambao wamechoka kuambiwa kwamba dawa pekee ya gemu kukwama ni kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Maoni yangu nayatoa mapema: kwa nyumba ya faiba yenye watumiaji wengi, OpenWrt pamoja na kipengele chake cha SQM, kinachosimamia foleni za data ndani ya ruta, imenisaidia kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kukinunua kwa ajili ya gemu, nayo yenyewe haiuzwi, hupakuliwa bure.

Kabla sijaisifu, ni haki nieleze jambo ambalo OpenWrt haiwezi kulitenda, kwa sababu wauzaji wengi wa vifaa hulinyamazia. Uganda haina pwani. Data ya gemu ikitoka Kampala kwenda nje husafiri kwanza ardhini hadi pwani ya Afrika Mashariki, na kwa barabara Mombasa iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,100, ndipo iingie kwenye nyaya za chini ya bahari. Mwanga ndani ya uzi wa faiba huenda kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake ni kwamba kila kilomita 100 za njia huongeza milisekunde moja kwenye safari ya kwenda na kurudi. Mkongo wa TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, una urefu unaokaribia kilomita 5,000. Ukijumlisha na kipande cha nchi kavu, basi pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ya Kampala hadi Fujairah haiwezi kushuka chini ya milisekunde 60 hivi, hata kama vifaa vyote njiani vingefanya kazi bila kuchelewa hata kidogo. Kwenda Marseille kupitia Bahari ya Shamu njia yake huzidi kilomita 8,000, nayo data ya kwenda Ulaya kwa kawaida hurudi kwetu ikiwa imepita milisekunde 100.

Kwa hiyo swali la kwanza la mchezaji wa Uganda linahusu mahali seva ilipo, kabla ya aina ya ruta. Fortnite haina kanda ya seva barani Afrika, na sisi huangukia ama Mashariki ya Kati ama Ulaya. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina seva Johannesburg, na ndiyo sababu mtu anayezicheza gemu hizo hapa kwetu hupata pingi nafuu kuliko jirani yake wa Fortnite, ingawa wote wawili wanalipia faiba ileile. Kampala tuna kituo cha kubadilishana data cha UIXP tangu mwaka 2001, ambacho huwezesha kampuni za intaneti za humu nchini kupeana data bila kuizungusha ng'ambo, lakini manufaa hayo hayamfikii mchezaji ambaye seva yake iko bara jingine. Na njia ya kusini nayo ina udhaifu wake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. Siku kama hiyo hakuna ruta yoyote, hata ile yenye antena nane na taa za rangi, inayoweza kukuokoa.

Kitu ambacho ruta nzuri inaweza kukiondoa ni ule ucheleweshaji unaotengenezwa ndani ya nyumba yenyewe, na kwa familia nyingi huo ndio unaoumiza zaidi. Nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu tathmini yote imejengwa juu yake.

Dada yangu mkubwa anarekodi video za harusi na za kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya utambulisho, na jioni akishamaliza kuzihariri huzipakia mtandaoni ili wateja wake wazione. Kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia. Pindi kompyuta yake inapoanza kupakia, data hufika kwenye ruta kwa kasi kubwa kuliko ile ambayo laini ya faiba imeruhusiwa kuipeleka nje, nazo pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazosubiri zamu hurundikwa kwenye kihifadhi cha muda ndani ya kifaa. Hebu tupige hesabu. Tuseme kihifadhi hicho kinabeba pakiti 1,000, kila moja ikiwa na baiti 1,500. Jumla yake ni biti milioni 12. Kwa laini ya megabiti 10, foleni hiyo inahitaji sekunde 1.2 ili iishe. Pakiti ndogo inayobeba amri ya kupiga shuti, ambayo mara nyingi ni baiti mia moja na kitu tu, inajikuta nyuma ya mlima huo, mithili ya mtu aliyefuata kiberiti kimoja Kikuubo akapangwa nyuma ya wachuuzi wanaohesabiwa katoni za jumla. Pingi iliyokuwa milisekunde 80 inapanda hadi mia kadhaa, beki wako anasimama kama sanamu, na mpira unaingia wavuni.

Kuongeza kifurushi hakuondoi tatizo hili, hulifupisha tu. Kompyuta inayopakia faili kubwa haina kiasi, hutumia nafasi yote iliyopo, iwe megabiti 10 au 50. Isitoshe, gemu yenyewe haihitaji kasi kubwa: mechi nyingi za mtandaoni hutumia makumi ya megabaiti kwa saa, pungufu kabisa ya video moja ya ubora wa juu. Kasi hufaa wakati wa kupakua gemu mpya au sasisho lake, ambalo siku hizi laweza kufika makumi ya gigabaiti. Ndani ya mechi kinachohitajika ni pakiti kufika kwa wakati na kwa mpangilio usioyumba.

Wahandisi wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Jim Gettys alilipigia kelele kuanzia mwaka 2010 na kulipa jina la bufferbloat. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha mbinu ya CoDel, ambayo huangalia pakiti imesubiri kwa muda gani kwenye foleni badala ya kuangalia foleni ina urefu gani, kisha huangusha pakiti chache ili mtumaji apunguze mwendo. Mbinu zilizofuata, fq_codel na baadaye CAKE, zikaongeza jambo moja muhimu: kila mkondo wa data hupewa foleni yake, na mikondo myembamba kama ya gemu au simu za mtandaoni hupita bila kusubiri ile minene. CAKE iliingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux toleo la 4.19 mwaka 2018. Dave Täht, aliyeongoza juhudi hizi kwa miaka mingi na aliyefariki Aprili 2025, alihakikisha kwamba kazi yote inabaki huru kwa yeyote kuitumia. Ninamtaja kwa heshima kwa sababu kijana wa Kibuli anayecheza bila kukwama leo ananufaika na kazi ya mtu huyo bila kudaiwa hata shilingi moja.

OpenWrt ndiyo njia rahisi zaidi ya kuipata CAKE nyumbani. Mradi huu ulianza mwaka 2004, ukitokana na msimbo wa programu ya ruta ya Linksys WRT54G uliowekwa wazi kwa umma, na toleo ninalolitumia, la 24.10, lilitoka Februari 2025. Hufanya kazi kwenye mamia ya aina za ruta, lakini haifanyi kazi kwenye zote, na hapo ndipo mnunuzi wa Kampala anapopaswa kuwa makini.

Nilipozunguka kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya jiji, muuza duka mmoja, kijana mchangamfu, alinionyesha ruta mpya yenye boksi la kumetameta na kuniambia, "Mzee, chukua hii, ni ya gemu kabisa, angalia antena zake." Nilimwomba anionyeshe kibandiko cha chini ya kifaa. Jina la modeli lilikuwepo, namba ya toleo haikuwepo, na nilipoitafuta modeli hiyo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na OpenWrt sikuipata. Nikaishukuru huduma yake na kuendelea. Ushauri wangu ni huu: usitoe hela kabla hujageuza ruta na kusoma kibandiko, kwa kuwa ruta mbili zenye jina moja na umbo moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na tofauti hiyo huonekana kwenye namba ya toleo tu. Pia epuka ruta kongwe zenye kumbukumbu ya megabaiti 32 na hifadhi ya megabaiti 4, ambazo mara nyingi ndizo rahisi zaidi sokoni. Matoleo ya sasa ya OpenWrt hayazisaidii tena.

Archer C7 niliipata kwa muuzaji wa mitumba kutoka Uingereza, nikailipia karibu shilingi 130,000 pamoja na adapta yake. Ni ruta ya zamani, sitadai vingine. Ina waifai ya kizazi cha tano, matundu manne ya LAN yenye kasi ya gigabiti moja, kumbukumbu ya megabaiti 128 na hifadhi ya megabaiti 16. Kwa vifurushi vinavyolipiwa na familia nyingi hapa, vya megabiti 10 hadi 50, chipu yake huimudu CAKE bila taabu. Mwenye kifurushi cha megabiti 200 na kuendelea atafute kifaa kipya chenye nguvu zaidi, kwa kuwa kusimamia foleni ni kazi ya prosesa, na prosesa ya C7 haiwezi kufika huko.

Kuiwekea OpenWrt si kazi ya kutisha, ila inadai utulivu. Unapakua faili linalolingana kabisa na modeli na toleo lako, unaunganisha kompyuta kwa waya, unafungua ukurasa wa mipangilio wa TP-Link na kulipakia faili hilo mahali pa kusasisha programu. Kisha unasubiri. Katika dakika hizo umeme ukikatika ruta inaweza kuzimika isiwake tena ipasavyo, kwa hiyo ifanye kazi hii ruta ikiwa tayari imechomekwa kwenye UPS. Ikitokea bahati mbaya, C7 ina njia ya kufufuliwa kwa kushikilia kitufe cha nyuma wakati inawaka huku kompyuta ikiwa na faili la dharura. Yeyote anayeifahamu njia hiyo mapema atakuwa na moyo mtulivu zaidi. Baada ya hapo ruta huamka kwenye anwani ya 192.168.1.1, ikiwa haina nywila na waifai ikiwa imezimwa. Weka nywila kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kipengele cha SQM hakiji ndani. Huongezwa kwa kusakinisha kifurushi kiitwacho luci-app-sqm. Ukurasa wake una sehemu chache, na zinazohitaji akili ni mbili: kasi ya kupakua na kasi ya kupakia. Hapa usiandike namba iliyo kwenye mkataba wako. Pima kasi halisi kwa nyakati tofauti, hasa kati ya saa moja na saa nne za usiku ambapo mtaa mzima uko mtandaoni, chukua kipimo cha chini kinachojirudia, kisha uandike asilimia 85 hadi 95 yake. Lengo ni kuhakikisha foleni inajengeka ndani ya ruta yako, ambako CAKE inaitawala, isijengeke kwenye kisanduku cha faiba au kwenye mitambo ya kampuni, ambako huna mamlaka nayo. Mimi niliandika megabiti 18 za kupakua na 9 za kupakia. Ndiyo, nimejinyima sehemu ya kasi ninayoilipia, na kwa wengine jambo hilo litauma. Kwangu ni biashara nzuri mno.

Matokeo niliyapima kwa jaribio la Waveform, ambalo hupima pingi laini ikiwa imetulia, kisha ikiwa inapakua, kisha ikiwa inapakia, na kutoa alama kama za mtihani wa shule. Tovuti ya fast.com nayo huonyesha pingi ya laini iliyotulia na iliyolemewa ukibofya kuona maelezo zaidi. Kabla ya SQM, laini yetu ilipewa alama ya chini kabisa: wakati wa kupakia, ucheleweshaji uliongezeka kwa milisekunde zaidi ya 400. Baada ya SQM, nyongeza hiyo imeshuka hadi chini ya milisekunde 10. Kwenye seva za Johannesburg pingi yetu hukaa karibu na 80 wakati nyumba imelala, na hukaa hapohapo wakati dada anapakia harusi nzima huku watoto wakitazama katuni sebuleni. Katika EA Sports FC, mdogo wangu, ambaye haelewi wala hataki kuelewa CAKE ni nini, aliniuliza kama nimebadilisha kampuni ya intaneti. Pasi zake zilikuwa zinatoka wakati uleule anaobonyeza kitufe. Pingi ya Fortnite imebaki juu kama ilivyokuwa, kwa sababu nilizoeleza za umbali, lakini haipandi na kushuka tena, na mchezaji huweza kuizoea pingi kubwa iliyotulia kuliko ndogo inayoyumba.

Kuhusu waya sina mengi. Chomeka konsoli ya PlayStation kwenye ruta kwa waya wa Cat5e, ambao hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na hiyo inatosha; waya wa bei kubwa wa Cat8 hauongezi lolote kwenye chumba cha kulala. Tahadhari moja tu: nyaya nyingi zinazouzwa kwa mita mjini ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha ya uzi kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, rudisha. Hukatika upesi zikipindwa, na konsoli huanguka kutoka gigabiti moja hadi megabiti 100 au kupoteza muunganisho kabisa.

Kama waya haupitiki, fahamu kwamba PlayStation 4 ya kwanza, ile nene ya mwaka 2013, inakamata waifai ya gigahezi 2.4 tu. Ukiwasha mtandao wa gigahezi 5 kwenye ruta yako mpya haitauona, na si kwamba konsoli imeharibika. PlayStation 4 Slim, Pro na PlayStation 5 huiona. Kwa wenye ile ya zamani wanaoishi kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, ambako kila mlango una waifai yake, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani, na uchague ile ambayo majirani hawajaijaza.

Sasa UPS ndogo. Ni kiboksi kinachotosha kiganjani, kinachokaa katikati ya adapta na ruta, kikiwa na betri za lithiamu ndani na matundu ya volti 5, 9 na 12. Umeme ukienda, kinaendelea kutoa bila ruta kujua kwamba kuna kilichotokea. Watu wengi huona hiki ni kifaa cha mtu anayefanya kazi nyumbani. Mimi nakihesabu kuwa kifaa cha gemu kamili. Kukatika kwa sekunde mbili tu kunaizima ruta na kisanduku cha faiba, navyo huchukua dakika kadhaa kurudi, muda ambao katika mechi za ushindani umeshahesabiwa kuwa umeshindwa na wakati mwingine umefungiwa kucheza kwa kuondoka katikati. Kwa mwenye kompyuta ndogo au simu, ambavyo vina betri zake, UPS hii peke yake inatosha kumaliza mechi kwenye giza. Kwa mwenye konsoli na televisheni haitoshi, ingawa hata yeye mtandao unakuwa tayari pale jenereta au umeme unaporudi.

Jambo la kuangalia kwenye UPS hizi ni namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Niliyoinunua, kwa karibu shilingi 110,000, imeandikwa 8,800 mAh. Namba hiyo ni ya betri zenyewe, zenye volti 3.7, wala si ya tundu la volti 12. Zidisha, utapata kama wati-saa 32. Ruta yangu na kisanduku cha faiba kwa pamoja hutumia kama wati 13. Gawanya, kisha utoe kiasi kinachopotea katika kupandisha volti, nawe utabaki na muda unaokaribia saa mbili. Ndivyo ilivyo kwangu. Muuzaji anayekuahidi saa nane kwa kiboksi cha ukubwa huo, kama kweli unaendesha vifaa viwili, hajapiga hesabu. Hakikisha pia kwamba volti za tundu zinalingana na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya kila kifaa, kwa maana visanduku vya faiba havifanani, na kuchomeka kifaa cha volti 9 kwenye tundu la volti 12 ni kukiunguza. C7 hutumia volti 12, hivyo haikuleta shida.

Kuna kasoro moja ambayo OpenWrt haikuitibu, nayo ni ile ya aina ya NAT, yaani namna vifaa vya nyumbani vinavyotoka kwenye intaneti kwa kushiriki anwani moja. PlayStation hukuonyesha aina ya 1, 2 au 3, na aina ya 3 ina maana kwamba huenda sauti za marafiki zisisikike na baadhi ya mechi zisiunganike, hasa kwenye gemu ambazo wachezaji huunganishwa wao kwa wao badala ya kupitia seva. OpenWrt ikiwa mpya haina UPnP, huduma inayoiruhusu gemu kujifungulia njia kwenye ruta. Lazima uisakinishe mwenyewe, vinginevyo utajikuta na NAT mbaya kuliko ile uliyokuwa nayo kabla, na hili linapaswa kusemwa wazi zaidi kwa wanaoanza. Lakini hata ukishaisakinisha, kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja ya umma. Utalitambua hilo ukiangalia anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kwenye ruta: ikianza na 100 na namba ya pili ikiwa kati ya 64 na 127, uko nyuma ya mpango huo, na hakuna mpangilio wa ruta utakaokutoa. Kampuni yangu, ambayo sitaitaja, ilinizungusha kwa simu mara nyingi kabla ya mtaalamu mmoja kunielewa na kunikubalia nilipie anwani ya umma kwa mwezi. Ukiwapigia, usiwaambie kwamba gemu inakwama, maana watakushauri uzime na kuwasha ruta. Waulize moja kwa moja kama wanauza anwani ya umma ya IPv4 na bei yake ni kiasi gani.

Wanaotumia intaneti ya 4G, ambao bado ni wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa muda mrefu, nawaomba wasubiri kabla ya kununua. SQM inahitaji kujua kasi ya laini, na kasi ya laini ya simu hubadilika kila dakika kulingana na idadi ya watu walio kwenye mnara uleule. Ukiandika namba ndogo unapoteza kasi bure mchana. Ukiandika kubwa, foleni inahamia kwenye mnara usiku. Ipo hati ya programu iitwayo cake-autorate, inayopima ucheleweshaji mfululizo na kurekebisha namba hizo yenyewe, nayo hufanya kazi kwenye OpenWrt, lakini huiongezea prosesa mzigo na hudai uvumilivu wa kuandika mipangilio kwa mkono. Kwa mtumiaji wa 4G ningeshauri pesa ya kwanza iende kwenye kuiweka modemu dirishani upande unaotazama mnara, na ikibidi antena ya nje, kisha afikirie ruta baadaye.

Kwa mwenye faiba, hesabu yangu ni shilingi 240,000 kwa ruta na UPS, pamoja na elfu chache za waya, bila malipo ya kila mwezi ukiacha yale ya anwani ya umma kama utaihitaji. Tofauti ya bei kati ya kifurushi chetu na kinachofuata ingeizidi hela hiyo ndani ya miezi michache. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kwa sasa, na ruta uliyonayo tayari imo kwenye orodha ya OpenWrt, anza na UPS, kisha uiwekee ruta hiyohiyo programu mpya jioni ambayo hakuna mtu nyumbani anayeuhitaji mtandao.